Evaristi na Mto Uliohama

Anayetaka kumjua shemeji yangu Evaristi sharti aanze na mto. Bila mto ule angekuwa mkulima wa maharage kama wakulima wengine, na leo kusingekuwa na mtu sokoni Kibondo wa kulitaja jina lake huku akiguna.

Mto wenyewe ni Nyamugezi. Unatoka kwenye vilima vya upande wa Kasulu, ambako asubuhi za Juni ukungu hauinuki mpaka watoto wamekwisha kufika shuleni. Kule juu unateremka kwa hasira kati ya mawe. Ukifika bondeni kwetu ardhi inalala, na mto nao unachoka, unaanza kujipinda. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na kila nilipochora mto wenye kona ubaoni nilikuwa nachora huo. Maji hula ukingo wa nje wa kona na kutema mchanga ukingo wa ndani. Kona inavimba mwaka hadi mwaka, shingo yake inakonda, mpaka siku moja mto unachoka kuzunguka na kuikata shingo ile.

Upande wetu, wa machweo, udongo ni mwekundu na mlima unapanda polepole, migomba kwanza, kisha mihogo, kisha nyumba. Upande wa mawio mlima umesimama wima, mawe na miombo, na nyumba za watu ziko juu kabisa, moshi wao tunauona kabla ya kuwaona wenyewe. Wazee walisema huku ni nchi ya Heru na kule ni nchi ya Muhambwe. Sote ni Waha, lugha yetu ni moja na tumeoana sana. Lakini zamani kila upande ulikuwa na mwami wake, yaani mtawala wake, na mpaka leo mzee wa huku akivuka mto hupunguza sauti kama mtu aliyeingia sebuleni kwa watu.

Familia niliyoolewa ni ya wateko. Mteko si mwami, wala si mganga, ingawa wageni hupenda kumchanganya na hao. Ni mtu wa ardhi. Ndiye anayempa mgeni mahali pa kulima, ndiye anayebariki mbegu, na watu wakigombania mpaka ndiye anayesimama mbele yao na kusema unapita hapa. Neno lake halina polisi wa kulisindikiza. Linaaminiwa au limekwisha. Mume wangu Longinus ndiye aliyekuwa kifungua mimba, lakini shule ilimchukua, kisha ofisi za Kibondo, kisha mauti. Uteko ukabaki kwa mdogo wake Evaristi, ambaye watu walisema shule ilimshinda darasa la nne, naye akisema ni yeye aliyeishinda.

Alikuwa mtu mrefu kupita kiasi. Vitanda vya watu vilikuwa vifupi kwake, na akilala ugenini miguu yake ilitokeza nje kama ya mtu aliyekwama dirishani. Hakupanda bodaboda hata alipozeeka; alisema magoti yake yangemziba dereva macho. Alitembea kutoka bondeni hadi Heru Juu, nilikokuwa nafundisha, kuja kunisalimia, akanywa uji, akarudi. Na alikuwa mcheshi wa kimyakimya, asiyecheka mzaha wake mwenyewe.

Palikuwa na uwanda mmoja, tunauita Mumasaka, yaani kwenye mtama, ingawa mimi nilipoolewa nilikuta panalimwa mahindi na maharage. Ulikuwa ndani ya kona kubwa kuliko zote za Nyamugezi, umezungukwa na maji pande tatu, na shingo yake iko upande wetu. Hakuna udongo mzuri kama ule katika bonde zima. Lakini haukuwa wetu tangu kale. Katika zile mvua kubwa za mwaka wa Uhuru mto uliokuwa ukipita chini ya mlima wetu uliruka, ukaenda kukumbatia mawe ya ng'ambo, na Mumasaka ikabaki upande wa Heru. Watu wa Muhambwe wakashuka na mikuki kudai uwanda wao.

Mteko wa wakati ule alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Bukuru. Alisimama ukingoni akawaambia mpaka ni maji, na maji yakihama mpaka umehama. Akachota maji ya mto kwa kiganja, akachanganya na udongo, akanywa, akawaambia mkubwa wao naye anywe. Yule mzee wa ng'ambo alikunywa. Mikuki ikarudi mlimani, na watoto wao wakakua wakiitazama Mumasaka kutoka juu bila kuilima. Mzee Bukuru alipofariki alizikwa kule kule uwandani kwa agizo lake, ili pasiwe na mtu wa kuuliza tena ni pa nani.

Alipokuwa bado kijana, Evaristi alimwoa Immakulata, msichana mfupi wa Kasulu mjini aliyemfikia kifuani. Watu waliwaita mchi na kinu. Mungu hakuwapa mtoto, na hilo sitalieleza zaidi. Walilima Mumasaka pamoja zaidi ya miaka thelathini, yeye mbele na jembe, mke nyuma na mbegu. Mwaka 2012 Immakulata alivimba tumbo, na hospitali ikatuambia tumrudishe nyumbani. Nilikuwa nimekaa kitandani pake siku aliposema lile neno.

"Usinizike mbali na wewe."

"Mimi niko hai," Evaristi akamjibu. "Nitakuwa mbali wapi?"

"Utakufa tu. Uwekwe kushoto kwangu. Kulia hapana, ukigeukia kulia unakoroma."

"Basi kushoto. Umesikia, Shemeji Mwalimu? Wewe ndiye shahidi."

Nilisema nimesikia. Tulimzika Mumasaka, hatua chache kutoka kwa Mzee Bukuru, na Evaristi akapima nafasi kushoto kwa macho yake, akapanda mnyaa mmoja mahali ambapo miguu yake mwenyewe ingefika. Kwetu mnyaa ni mti wa mpaka, hukua hata ukiuchomeka kichwa chini. Akawa kila jioni akitoka shambani anapita pale.

Masika ya 2013 mvua hazikuwa na adabu. Mihogo ilioza ardhini. Asubuhi moja mwezi wa Aprili tulisikia mngurumo tofauti, na tulipotoka tukaona Nyamugezi imekata shingo ya Mumasaka. Maji mekundu yalikuwa yakipita chini kabisa ya migomba yetu, pale pale ulipopita mto kabla ya Uhuru, na uwanda mzima uko ng'ambo. Mkondo wa kona ulikuwa umebaki na madimbwi tu, umejikunja chini ya mlima wa watu wa Muhambwe kama ngozi iliyovuliwa na nyoka. Ubaoni lingekuwa somo zuri.

Evaristi alisimama kwenye ukingo. Jirani yetu Obedi, mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzishwa, akaja akasimama karibu naye.

"Mteko, mkeo amehamia Muhambwe."

"Nimeona."

"Hata kuaga?"

"Hata kuaga," Evaristi akasema, na hakuondoka pale mpaka jua lilipopanda.

Mvua zilipokwisha tuliitana nyumbani kwake. Mwanangu Nickson alitoka Kasulu, ambako alikuwa akifanya kazi kwa mwanasheria, na akaja na suruali iliyopigwa pasi. Alizungumza vizuri. Alisema mto ukihama ghafla mtu hapotezi shamba lake. Kwamba mpaka unabaki kwenye mkondo wa zamani. Kwamba angeweza kumleta mpimaji. Mimi nilikuwa upande wake, na bado sioni kuwa hoja ile ilikuwa mbaya. Tulikuwa na makaburi mawili kule. Tulikuwa na jasho la miaka hamsini.

Evaristi alisikiliza mpaka mwisho, akimenya karanga.

"Nickson, mwanangu, umesema mto ukihama ghafla mpaka haubadiliki."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Mwaka wa Uhuru ulihama polepole?"

Nickson alinitazama mimi. Mimi nilitazama karanga.

"Wakati ule ilikuwa mila," Nickson akasema. "Sasa kuna sheria."

"Kwa hiyo tulipokula sisi ilikuwa mila, na zamu ya wenzetu kula ikifika ni sheria."

"Baba mdogo, babu amelala kule. Na mama mdogo."

"Najua nani amelala kule. Nimewachimbia mimi." Akakung'uta maganda mapajani. "Baba alikunywa maji. Alikunywa mbele ya watu. Nikisema leo mpaka ni mkondo wa zamani, nimesema alikunywa uongo, na Mumasaka ilikuwa ya wizi tangu siku ya kwanza. Uteko gani utabaki hapa? Nani ataniuliza mpaka tena?"

"Kwa hiyo unawaachia?"

"Maji yamewapa. Mimi ni wa kusema tu."

Nilimwuliza, nikiwa shahidi, vipi kuhusu nafasi ya kushoto. Akasema Immakulata alimjua mume wake, na akaenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kufungwa.

Siku ya kuonyesha mpaka watu wa ng'ambo walishuka wengi, wakiongozwa na Pasikali, mjukuu wa yule mzee aliyekunywa mwaka wa Uhuru. Pasikali ni mtu mnene, mpole, mwenye duka dogo la chumvi na sabuni. Hawakuja na mikuki, lakini walikuja na midomo. Walijua tuna wasomi. Walijua na Nickson yupo.

"Leo mto una ladha gani, mteko?" mmoja wao akapaza sauti. "Wa babu zetu ulikuwa mchungu."

"Mleteeni sukari," mwingine akasema. "Heru wamezoea vitamu."

Evaristi alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa mapaja. Akachota maji, akachukua udongo wa ukingo wetu, akachanganya kiganjani. Akasema kwa Kiha maneno yale yale ya baba yake, kwamba mpaka ni maji, na maji yakihama mpaka umehama. Akanywa. Upande wa pili hapakuwa na aliyecheka. Pasikali naye akaingia, akalowanisha suruali yake nzuri, akanywa.

"Makaburi ni yenu," Pasikali akasema hapo hapo majini. "Mje mpalilie wakati wowote. Hatuwezi kulima juu ya watu."

"Asante," Evaristi akajibu. "Tutapiga hodi."

Jumapili iliyofuata katekista alimwuliza kama alikunywa yale maji kwa imani ya Kanisa au kwa imani ya wazee. Evaristi alisema alikuwa na kiu.

Na kweli alikuwa akipiga hodi. Kiangazi kilipofika na maji yakawa ya kifundo cha mguu, alivuka na jembe begani, akasimama penye ukingo wa Mumasaka, akaita hodi mpaka mtu wa shamba amjibu karibu, ndipo akaenda kwa mkewe. Nilimfuata mara moja. Mke wa Pasikali alikuwa akipalilia maharage, na Evaristi, aliyekuwa amelima udongo ule tangu ujana wake, aliomba ruhusa apite kati ya matuta ya mtu mwingine. Alipalilia kaburi la baba yake kwanza, kisha la Immakulata, kisha akang'oa magugu pale kushoto, mahali patupu, karibu na ule mnyaa.

"Unapalilia nini hapo, shemeji?" nikamwuliza.

"Kitanda."

Mvua zikianza alikaa upande wetu, akitazama. Kuanzia Novemba mpaka Mei hakuvuka. Alipunguza maneno. Alikula sombe ya jirani, kisamvu chetu, kuliko kupika. Watu waliendelea kumwita kuonyesha mipaka yao, na hapo ndipo ningependa wasomaji wangu wasimame kidogo: kutoka Heru na kutoka Muhambwe pia, walimwita zaidi kuliko walivyowahi kumwita baba yake.

Mwaka 2015 kambi ya Nduta ilifunguliwa tena kwa ndugu zetu wa Burundi. Magari ya misaada yakajaa barabarani, na kila aliyekuwa na udongo wa maji maji akapanda mboga za kuuza. Mumasaka ikawa kijani tupu, kabichi na nyanya, na Pasikali akaezeka nyumba yake bati. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nilikuwa Kibondo sokoni, nachagua dagaa, nikamsikia mwanamke asiyenijua akimwambia mwenzake kwamba yule mteko mrefu aliuza uwanda, akauza na kaburi la mkewe, ndiyo maana Pasikali ana bati. Nikaacha dagaa pale. Nikamwambia huyo mama kwamba mimi ni shemeji yake mteko, kwamba nyumba ya mteko ina nyasi hadi leo, na kwamba karibu aje aihesabu. Alichukua kikapu chake akaenda. Lakini maneno ya soko hayasikilizi wenye nayo.

Evaristi nilimweleza. Alisema, "Waache. Aliyeuza hupata kitu."

Novemba ya mwaka uliofuata kifua kilimbana. Alikataa kupelekwa mbali, akalala kwenye kile kitanda chake kirefu alichojitengenezea mwenyewe. Pasikali alivuka kuja kumwona kabla maji hayajapanda, akaleta sukari na kilo ya nyama. Mbele yangu Evaristi akamwomba lile ambalo hakuliomba siku ile ya maji.

"Nina nafasi yangu kule. Kushoto kwa mke wangu."

"Ni yako, mzee. Nani atakuzuia?"

"Sitaki isemwe Heru wamezika mtu ili waurudishe uwanda. Baba alizikwa kwa sababu hiyo. Mimi nataka kulala tu."

"Nitachimba mimi mwenyewe," Pasikali akasema. "Na nitachimba ndefu."

Evaristi alitabasamu. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akitabasamu.

Alifariki mwezi wa Desemba, asubuhi. Nilimpigia Pasikali simu, naye akaanza kuchimba siku ile ile. Nyamugezi ilikuwa bado ya kuvukika, maji ya kiunoni, na tulipanga mazishi kesho yake ili Nickson na jamaa wa Kasulu wafike. Mvua ikanyesha vilimani, si kwetu. Kesho yake tulipolibeba jeneza kushuka, mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na ule mkondo wa zamani chini ya mlima nao ulikuwa umejaa. Mumasaka ilikuwa kisiwa. Hata kama tungezunguka na gari kwa daraja la barabara ya Kibondo, tusingefika. Mwisho wa safari tungekuta maji ya ule mkondo wa zamani. Pasikali na vijana wachache walikuwa wamevuka alfajiri, nao sasa walikuwa wamekwama uwandani, wamesimama kando ya shimo.

Tulingoja. Katekista alisali, akarudia kusali. Maji hayakupungua. Ilikuwa siku ya pili na joto, na wote tulijua maiti haingoji mto.

Obedi akaja na kamba. Sitamnyima haki yake: alikuwa akilia. "Mama Mwalimu, tufunge jeneza kwenye magogo, vijana waliokomaa washike kamba huku na kule, linavuka."

"Na kamba ikikatika?"

"Haitakatika."

"Ikikatika, Obedi?"

Nickson alisema, "Mama, aliahidiwa. Wewe ndiye shahidi." Wote wakanitazama, kwa kuwa Longinus hayupo na mimi ndiye mkubwa wa nyumba ile.

Niliutazama mto. Ulikuwa umebeba mgomba mzima, unaugeuza geuza. Nikasema mteko wa bonde hili hataburutwa majini kama gogo, akaokotwe huko mto Malagarasi na watu wasiomjua, sokoni wakapata la kusimulia mpaka wajukuu. Nikasema achimbiwe hapa, ukingoni, kwenye udongo wetu, upande unaotazama Mumasaka. Vijana wakaweka kamba chini, wakachukua majembe.

Ng'ambo waliona tunachimba, wakaelewa. Pasikali alikaa chini kwanza. Kisha nikawaona wakienda kwenye migomba, wakakata mmoja, wakauondolea majani. Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, maana litatafuta mtu. Likikosa mwenyewe hulazwa mgomba. Tulipoanza kurudisha udongo juu ya Evaristi, nao walianza kurudisha wao. Sauti zao za majembe zilifika kwetu zikiwa zimechelewa kidogo, juu ya maji.

Kabla ya Mwaka Mpya mto ulishuka, na Pasikali akavuka kuja kunipa pole ya mkono kwa mkono. Nilimwandalia kiti na uji. Alikaa bila kunywa, akizungusha kofia yake.

"Tulimlaza kushoto, mama," akasema. "Kama alivyotaka. Tulichagua mgomba mrefu."